Saffron Walden kwa siku moja: panga safari yako kwa saa za kufunga

Nenda Jumanne au Jumamosi. Hizo ndizo siku za soko katika mji huu wa jimbo la Essex, mashariki mwa Uingereza, na soko ndilo lililoukuza: lilihamishiwa hapa kutoka Newport ya jirani mwaka 1141.

Wengi hukosea kabla hata hawajapanda treni. Saffron Walden haina stesheni. Reli iliyokuwa ikiingia mjini ilifungwa mwaka 1964. Kata tiketi ya Audley End, kwenye njia ya London Liverpool Street kwenda Cambridge, mwendo wa takriban saa moja. Treni za kwenda uwanja wa ndege wa Stansted hupita njia hiyohiyo mwanzoni, kisha huchepuka kabla ya kufika Audley End, kwa hiyo soma ubao vizuri. Tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo nje ya saa za msongamano ndiyo nafuu. Jumanne maana yake ni kusubiri wafanyakazi wa asubuhi wapite kwanza.

Kutoka stesheni hadi mjini ni kama kilomita 3. Basi lipo, ila halisubiri kila treni. Tazama ratiba usiku uliotangulia, pamoja na saa ya basi la mwisho la kurudi. Kwa miguu ni dakika 40 hadi 45, na utapita jirani na jumba la Audley End, lililojengwa na Thomas Howard, Earl wa Suffolk, mwanzoni mwa karne ya 17. Jumba lina kiingilio chake na humeza nusu siku nzima. Ukilibana pamoja na mji, vyote viwili utaviona juujuu.

Anza sokoni, maana wauzaji hawangoji jioni kufungasha. Kisha ingia vichochoro vya pembeni, Mercer Row na Butcher Row, ambavyo majina yake bado yanataja wauza vitambaa na wachinjaji wa zamani. Kula mapema: jikoni nyingi za baa huacha kupokea oda za chakula cha mchana kwenye saa nane au nane na nusu, na atakayechelewa ataishia kwenye keki na chai.

Baada ya chakula panda hadi kanisa la St Mary, kubwa kuliko makanisa yote ya parokia ya Essex. Mnara wake wenye ncha, uliomaliziwa mwaka 1832, una mita 59. Ndani, upande wa kusini, inua macho juu ya matao utafute maua ya zafarani yaliyochongwa kwenye jiwe. Zao hilo, saffron kwa Kiingereza, ndilo lililoupa mji jina lake la sasa. Kila ua lina nyuzi 3 tu, huchumwa kwa mkono mwezi wa Oktoba, na kilo moja kavu hudai maua yapatayo 150,000. Kilimo hicho kilikufa kufikia mwisho wa karne ya 18, ingawa kimefufuliwa kidogo Essex miaka ya karibuni. Usitarajie kukuta mafungu ya zafarani ya pilau mezani sokoni.

Mtaa wa Church Street una nyumba ya Old Sun Inn, yenye mapambo ya plasta na tarehe 1676. Aliyezoea plasta za kuchonga za Lamu atataka kusogea. Hapa vuka barabara, kwani michoro iko juu na huonekana vizuri zaidi ukiwa upande wa pili.

Yaliyo wazi bila mlango wala tiketi yaache ya mwisho. Kwenye uwanja wa Common kuna mzingile uliochimbwa kwenye nyasi, wenye rekodi tangu 1699. Njia yake ni ya matofali, nyembamba, ya karibu kilomita moja na nusu, na haina panda: ukifuata tu utafika katikati. Tenga nusu saa. Baada ya mvua matofali huteleza, na wanaokatisha kwa kuruka matuta ndio huanguka, tena huharibu kingo. Wanaotaka kupotea kwelikweli waende bustani ya Bridge End, kwenye mzingile wa miti. Kuanzia Novemba fika huko kabla ya saa tisa alasiri, kwani giza huanza kuingia kwenye saa kumi.

Basi likikupita, ita teksi ukiwa bado mjini badala ya kuanza kutembea gizani.