Papai kwenye nyama ngumu, angalia saa

Kama unalainisha nyama kwa papai chukua lile bichi lenye utomvu mweupe, likishaiva nguvu inapungua, saga kidogo tu upake, kwa vipande vidogo nusu saa hivi inatosha. Ukilaza usiku kucha utakuta nje imekuwa teketeke inashika meno vibaya na katikati bado ngumu vile vile, maana kimeng'enya chake, papaini, kinakata protini pale kinapogusa, hakizami ndani. Joto likifika kama nyuzi 60 hadi 70 ndo kinachapa kazi kweli, ikichemka sana kinakufa. Nanasi nalo lina chake, ndo maana jelatini, ambayo nayo ni protini, haigandi ukiweka nanasi freshi, la kopo halina shida kwa sababu limeshapikwa.

Na kongosho lako linatengeneza vimeng'enya vya aina hii kila siku, ila linavitoa vikiwa vimezimwa vikawashwe kwenye utumbo mdogo, sasa vikiwaka mapema humo humo linaanza kujimeng'enya lenyewe, maumivu yake si mchezo, hapo ni hospitali fasta. Hata VVU vinahitaji mkasi wao wa kukata protini ili vikomae, dawa kama darunaviri zinauziba huo.