Kuunda manifoldi ya hewa kwa injini ya zamani iliyofungwa turbo

Manifoldi ya hewa ndiyo inayogawa hewa kwa silinda za injini: chemba moja, mabomba yanayotoka humo, na flenji inayoyafunga kwenye injini. Ugumu wa kazi hii hauko kwenye bomba wala chemba. Uko kwenye flenji: bamba linalokaa kwenye silinda hedi (kichwa cha injini) likipinda, hata kwa unene wa karatasi, turbo, yaani feni inayosukuma hewa kwenye injini, itavujisha hewa hapo na msukumo utapotea.

Kwa flenji, tumia bamba la aloi ya alumini 6061 la milimita 12. Nakili matundu ya bolti kutoka kwenye gasketi, lakini milango ya hewa (matundu hewa inapoingilia) ipime kwenye hedi yenyewe, kwa kuwa tundu la gasketi kwa kawaida ni kubwa zaidi. Kama mlango una pembe nne, kokotoa mzunguko wake: milimita 45 kwa 30 ni mzunguko wa 150, kwa hiyo bomba la kipenyo cha ndani cha karibu 48 litabanwa likae sawasawa. Bomba liwe na ukuta wa milimita 3.

Chemba iwe na ujazo wa mara 1 hadi 1.5 ya injini. Injini ya lita 2 inataka lita 2 hadi 3. Midomo ya bomba ndani ya chemba iwe ya mviringo kama tarumbeta, maana ukingo mkali hubana hewa. Epuka kuta pana zilizo bapa. Ukuta wa sentimita 10 kwa 30 unabeba takriban kilo 300 msukumo wa turbo ukifika bar 1, nao huvimba hadi ushono ukapasuka.

Kabla ya kuchomelea, futa kila kipande kwa asetoni, kisha kisugue kwa brashi ya chuma cha pua isiyowahi kugusa chuma kingine. Usitumie dawa ya kusafishia breki yenye klorini: joto la arki (cheche ya umeme ya kuchomelea) huigeuza gesi ya fosjini, ambayo inaua.

Funga flenji kwa bolti zote kwenye bamba la chuma la milimita 25 au kwenye hedi mbovu. Chomelea kwa TIG (mashine ya arki yenye ncha ya tungsteni) ya mkondo wa AC, gesi safi ya agoni, na waya wa kujazia wa 4043. Ipashe flenji moto hadi nyuzi 100 hivi, na arki ielekee flenji zaidi kuliko bomba, la sivyo bomba litatoboka flenji ikiwa bado baridi. Shona sentimita 2 tu kwa mara moja, ukiruka: silinda ya 1, ya 4, ya 2, ya 3. Usifungue bolti mpaka flenji ipoe kabisa. Hata hivyo itapinda kidogo. Ndiyo sababu ya kuanza na milimita 12, ili fundi wa mashine aweze kuikwangua. Ukiweka rula, fila geji (kibamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.1 isipite popote.

Vishikio vya injekta (vinyunyizio vya petroli) vichomelee kabla ya kufunga chemba, vikielekea mgongo wa valvu ya kuingizia hewa. Acha tundu la buta ya breki (kifaa kinacholainisha pedali ya breki), na lifungwe valvu ya njia moja. Bila hiyo, turbo itasukuma hewa kwenye buta na pedali itakuwa ngumu.

Mwisho, ziba milango yote, zamisha manifoldi majini na uijaze hewa polepole hadi bar 0.5 juu ya msukumo utakaoutumia. Kaa pembeni ya vizibo. Kisha ioshe kwa maji ya sabuni hadi isitoke chembe: kipande kimoja cha alumini kikifika kwenye valvu, kazi yote inarudi mwanzo.