Mayai ya Kware Yanapochelewa Kuanguliwa: Tafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Ganda

Mayai ya kware wa Kijapani, ambaye ndiye anayefugwa na watu wengi katika Afrika Mashariki, huanguliwa siku ya 17 au ya 18 tangu yawekwe kwenye mashine ya kutotolesha. Siku ya 18 ikipita bila dalili yoyote, au vifaranga wakitoboa ganda kisha wakakwama hapo hapo, wafugaji wengi hukimbilia kufungua mashine, kunyunyiza maji, kupandisha joto na kubandua maganda kwa kucha. Karibu kila moja ya hatua hizo huongeza vifo. Kasoro inayojitokeza siku ya kuanguliwa kwa kawaida ilianza siku nyingi nyuma, na pengine ilianza kabla yai halijaingia kwenye mashine. Kwa hiyo kinachotakiwa wakati huo ni kusubiri kwa utulivu hadi siku ya 20 itimie, kisha kuyapasua mayai yaliyobaki na kuyachunguza moja baada ya jingine.

Kabla ya kuilaumu mashine, hakikisha kwanza kwamba siku zimehesabiwa sawasawa. Siku ya kuweka mayai haihesabiwi kuwa ya kwanza, kwa kuwa siku moja hutimia baada ya saa 24. Mayai yaliyowekwa Jumatatu jioni hutimiza siku 17 jioni ya Alhamisi, wiki mbili na siku tatu baadaye. Muulize pia aliyekuuzia mayai yalikaa kwake muda gani, kwa sababu yai lililohifadhiwa zaidi ya siku saba huchelewa kuanguliwa na uwezekano wake wa kutoa kifaranga hupungua kadiri siku zinavyoongezeka. Ukichanganya mayai ya jana na ya siku kumi zilizopita katika trei moja, usitarajie vifaranga watoke kwa pamoja.

Ikiwa hesabu ya siku iko sawa na mayai yote yamechelewa kwa kiasi kinacholingana, mtuhumiwa wa kwanza ni joto dogo. Mashine yenye feni hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 37.5 za Selsiasi. Mashine isiyo na feni huwa na hewa ya moto juu na ya baridi chini, hivyo joto lake hupimwa usawa wa juu ya mayai na hutakiwa kufika nyuzi 38.5 hivi. Hapa ndipo kware wanapoonewa mara nyingi: yai lao lina uzito wa gramu 10 hadi 12 tu na ni fupi sana likilinganishwa na la kuku, kwa hiyo kipimajoto kilichofungwa kwa ajili ya trei ya mayai ya kuku husoma hewa iliyo juu zaidi ya pale mayai ya kware yalipo. Namba kwenye kioo itakuwa sahihi ilhali mayai yenyewe yako kwenye ubaridi. Upungufu wa nyuzi moja tu, ukidumu kwa wiki mbili, unatosha kuchelewesha vifaranga kwa siku nzima au zaidi, na wakitoka huwa wanyonge, wenye matumbo makubwa na vitovu ambavyo havijaziba vizuri.

Vipimo vya mashine nyingi za bei nafuu havistahili kuaminiwa bila kukaguliwa. Chukua kipimajoto cha homa cha kielektroniki, ambacho kimetengenezwa kuwa sahihi katika nyuzi hizi hizi, kitumbukize ncha yake pamoja na kihisi cha mashine katika kikombe cha maji ya uvuguvugu, ukoroge, kisha ulinganishe namba hizo mbili. Kipimo cha unyevu nacho hukaguliwa kwa chumvi ya mezani: lowanisha chumvi ndani ya kifuniko kidogo hadi iwe kama tope zito, iweke pamoja na kipimo ndani ya chombo kinachofungwa vizuri, na usubiri saa nane au zaidi, kinatakiwa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, ujue kinasoma saba pungufu na ufanye hesabu zako hivyo. Kazi hii haigharimu chochote, na kwa maoni yangu hakuna mfugaji anayepaswa kuweka hata yai moja kabla ya kuifanya.

Umeme unapokatika, mayai hupoa na ukuaji wa viinitete hupungua kasi, jambo linalochelewesha vifaranga bila lazima ya kuwaua. Usifungue mashine, ifunike kwa blanketi huku ukiacha matundu ya hewa wazi, na ikiwezekana weka chupa za maji ya moto kando yake. Umeme ukirudi, usipandishe joto kupita kawaida ili kufidia muda uliopotea, kwa kuwa kiinitete huvumilia ubaridi wa saa chache kuliko joto la nyuzi 40.

Unyevu ndio unaoleta vifo vya namna mbili zinazofanana kwa nje lakini zenye tiba zinazopingana. Katika siku 14 za mwanzo yai linatakiwa kupoteza maji kidogo kidogo ili chumba cha hewa, kilicho kwenye ncha pana, kipanuke na kumpa kifaranga hewa yake ya kwanza kabla hajatoboa ganda. Mayai yakipoteza maji machache mno, ukipasua yaliyobaki utakuta kifaranga aliyekamilika, amevimba, amelowa ute unaonata, na chumba cha hewa ni kidogo. Amezama akiwa ndani. Yakipoteza maji mengi mno, utakuta kifaranga mdogo aliyekauka, na utando wa ndani umekuwa mgumu kama karatasi na umemganda kwenye manyoya. Mfugaji wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yenyewe ina unyevu mwingi, huangukia kwenye kosa la kwanza pale anapojaza mifereji yote miwili ya maji kama kijitabu cha mashine kinavyoagiza, na mwenzake wa Dodoma wakati wa kiangazi huangukia kwenye la pili kwa kufuata kijitabu hicho hicho. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55 katika siku hizo 14, na uongeze au upunguze maji kulingana na mahali ulipo.

Kwa kuwa ganda la kware lina madoa meusi yanayozuia mwanga wa tochi, ni vigumu kuona ukubwa wa chumba cha hewa kama ilivyo kwa yai la kuku. Mizani ya jikoni hutoa jibu la uhakika zaidi. Pima trei nzima siku ya kuweka mayai, uondoe uzito wa trei yenyewe, kisha upime tena siku ya 14. Mayai 50 yaliyokuwa na gramu 550 yanatakiwa kubaki na gramu 485 hivi, yaani yawe yamepungua kwa asilimia 11 hadi 13. Yakiwa bado na gramu 510, hewa ilikuwa na maji mengi kupita kiasi, na katika awamu ijayo utaacha mfereji mmoja mkavu.

Vifaranga wanaotoboa ganda kwenye ncha nyembamba wanaonyesha kwamba mayai yalisimamishwa kichwa chini au hayakugeuzwa ipasavyo. Mayai hugeuzwa angalau mara tatu kwa siku, na kugeuza huachwa siku ya 14 au ya 15. Wanaochanganya mayai ya kware na ya kuku katika mashine moja hujikuta hapa, kwa sababu mayai ya kuku bado yanahitaji kugeuzwa wakati ya kware yanahitaji kutulia. Yahamishie ya kware kwenye chombo kingine, au uache kuyachanganya.

Baada ya kuacha kugeuza, pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, fungua matundu ya hewa zaidi, tandaza kitambaa kisichoteleza ili miguu ya vifaranga isitawanyike, kisha ufunge mashine. Kila unapoinua kifuniko ili kuwatoa wawili watatu waliokauka, unyevu hushuka ghafla na utando wa wenzao waliokwisha kutoboa hukauka na kuwabana. Waache waliotoka, kiini walichokimeza tumboni kinawatosha kwa saa 24.

Kifaranga aliyetoboa ganda anaweza kupumzika saa nyingi bila kusonga, kwa kuwa mishipa ya damu kwenye utando bado inarudi mwilini. Msaada unafaa tu kama zaidi ya saa 24 zimepita, utando umekauka na wenzake wengi wameshatoka. Lowanisha ukingo wa tundu kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, ondoa vipande vidogo vya ganda kuzunguka ncha pana, na ukiona hata tone la damu acha mara moja na umrudishe. Kifaranga aliyesaidiwa asitunzwe kuwa mzazi.

Ikiwa joto, unyevu na ugeuzaji vyote viko sawa na bado vifaranga wanakufa wakiwa wamekamilika, waangalie wazazi. Kware wanaotaga mayai ya kutotolesha wanahitaji chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi pamoja na vitamini za kutosha, na chakula cha kuku wa mayai, chenye asilimia 16 au 17, hakiwatoshi. Kuzaliana kwa ndugu ni tatizo kubwa zaidi, kwa sababu kware huathirika haraka kuliko kuku: vizazi vichache tu vya kaka kupanda dada vinatosha kuangusha kabisa kiwango cha kuanguliwa. Wabakize majike wako, lakini madume watafute kwa mfugaji ambaye kundi lake halikutokana na lako, dume mmoja kwa majike watatu au wanne, na subiri wiki mbili kabla ya kuanza kukusanya mayai ya kuweka kwenye mashine ili mbegu za madume wa zamani ziwe zimekwisha.