Mambo ya kuzingatia kabla ya kuleta gari la kulala kupitia bandari ya Mombasa

Gari la kulala, ambalo siku hizi wengi huliita kampavani, ni gari na nyumba kwa pamoja, na mnunuzi aliye Mombasa akiliona pichani hutazama nyumba kwanza: kitanda kinavyokunjuka, jiko lilivyo safi, mapazia yalivyopangwa. Afisa wa forodha pale Kilindini hatatazama godoro. Atatazama tarehe ya usajili wa kwanza, upande wa usukani, ukubwa wa injini na maelezo yaliyo kwenye hati, na kasoro ikipatikana hapo, uzuri wa jiko hautamfaa mwenye gari. Ndiyo maana karibu kila jambo la maana huamuliwa kabla fedha hazijatumwa, wakati ambapo kughairi bado ni bure.

Umri ndio wa kwanza kuulizwa. Kiwango cha Kenya KS 1515, kinachosimamiwa na Shirika la Viwango (KEBS), hakiruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na hesabu huanzia usajili wa kwanza. Kwa mwaka 2025, kwa mfano, yaliyokubaliwa ni magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza 2018 au baadaye. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa magari ya kulala hudumu sana mikononi mwa wenyewe, hutolewa wikendi na likizo tu, na tangazo la gari la miaka 15 lililotembea kilomita chache huvutia kuliko la miaka 6 lililochoshwa na kazi. Uchache wa kilomita haupunguzi umri. Wala tarehe ambayo karakana iliigeuza vani kuwa nyumba haihesabiwi. Inayohesabiwa ni ile ambayo vani yenyewe iliingia barabarani mara ya kwanza. Gari lililo ukingoni mwa miaka hiyo lisinunuliwe mwishoni mwa mwaka, kwani meli ikichelewa hadi Januari, gari lililokuwa halali linapakiwa litakuwa limepitwa na wakati linaposhushwa.

Usukani lazima uwe kulia. Sharti hilo peke yake linaondoa magari ya Marekani na karibu yote ya Ulaya bara, ambayo ndiyo hujaza matangazo, na kuwaacha wanunuzi na Japani, Uingereza na nchi nyingine chache zinazoendesha kushoto mwa barabara. Msomaji atauliza kuhusu malori ya kulala yenye namba za Ujerumani yanayoegeshwa Diani na Tiwi. Hayo ni ya wasafiri na huingia kwa muda tu, mara nyingi kwa hati iitwayo carnet de passages inayotolewa na vyama vya wenye magari kama dhamana kwamba gari litatoka tena. Si njia ya kununulia gari, na anayeuziwa mojawapo ufukweni kwa bei ya kutupa ananunua deni la ushuru.

Kuhusu ushuru inafaa kukaa kitako na wakala wa forodha, yule tunayemwita mtu wa klaringi, kabla ya kumjibu muuzaji. Mamlaka ya Mapato (KRA) haianzi na bei uliyolipa, bali na orodha yake ya bei za rejareja za magari mapya, CRSP, kisha hupunguza thamani kulingana na umri. Juu ya thamani hiyo hukaa ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili. Na VAT ya asilimia 16 huja juu ya vyote, mbali na ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Kwa kuwa kodi moja hupanda mgongoni mwa nyingine, kosa dogo katika thamani ya mwanzo huvimba linapofika chini ya karatasi. Viwango navyo hubadilishwa mara kwa mara na sheria ya fedha, kwa hiyo hesabu ya rafiki aliyeleta gari miaka miwili iliyopita haifai kutegemewa.

Tatizo la kampavani ni kwamba haijulikani upesi iwekwe kapu gani. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, gari la kulala lenye injini yake huwekwa chini ya 8703 pamoja na magari ya abiria, ilhali vani ya mizigo iko chini ya 8704, na nyumba ya kukokotwa isiyo na injini iko chini ya 8716. Vani iliyogeuzwa na fundi binafsi, ambayo hati zake bado zinaiita gari la mizigo ilhali ndani mna kitanda na sinki, huzua ubishi, na ubishi bandarini hulipiwa stoo kila siku. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inampa mwagizaji nafasi ya kuomba uamuzi wa awali kwa maandishi kuhusu uainishaji na thamani. Wachache huitumia nafasi hiyo, nami sijui kwa nini, maana kwa gari la ajabuajabu kama hili ndiyo kinga bora zaidi.

Mkenya anayerejea nyumbani baada ya kuishi ng'ambo miaka 2 au zaidi anaweza kusamehewa ushuru wa gari moja alilolimiliki na kulitumia huko kwa angalau mwaka, lakini ahakikishe mapema kuwa gari linatimiza masharti yote ya msamaha huo.

Tukija kwenye gari lenyewe, ushauri wangu ni Toyota HiAce kabla ya vani yoyote ya Ulaya, na sababu si mapenzi: spea zake zimejaa mjini kwa ajili ya matatu, na kila fundi anaijua. Lililopitia mnada Japani huwa na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya mkaguzi kuhusu hali ya gari. Herufi R mahali pa daraja huashiria gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Omba picha za chini ya gari, si za ndani peke yake. Magari ya Hokkaido na ya Uingereza hupita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chasi iliyoanza kuliwa huko haitapona kwa hewa yetu ya bahari.

Umeme nao una mtego wake. Japani hutumia volti 100, Kenya 240. Jirani yangu wa Tudor alivuta waya kutoka sebuleni hadi kwenye gari lake lililotoka Japani siku ya kwanza ili apoze maji ya wageni. Friji ililia mara moja, ikatoa moshi mwembamba, na wageni wakanywa maji ya mtungi. La Uingereza halina shida hiyo, hata plagi ni zile zile, ila regyuleta ya gesi huenda isikae kwenye mitungi yetu ya kilo 6 na 13. Hita ya dizeli, ambayo muuzaji wa huko huisifu sana, hapa ni mzigo. Ulizia feni na wavu wa mbu.

Nauli ya meli za magari hukadiriwa kwa ujazo. HiAce ndefu yenye paa la juu ina urefu wa mita 5.38, upana 1.88 na kimo 2.285, yaani kama mita za ujazo 23.1, kiyoyozi cha sentimita 25 juu ya paa huongeza zaidi ya mita mbili na nusu za ujazo, kwa hiyo uliza kama kinaweza kufunguliwa. Mtungi wa gesi utolewe, na vyombo visipakiwe ndani. Bima ya baharini ikatwe kwa kampuni iliyosajiliwa Kenya. Ukaguzi wa ubora ufanywe huko huko na wakala aliyeteuliwa na KEBS kabla ya kupakia, na namba ya chasi kwenye cheti chake, kwenye hati ya shehena na kwenye cheti cha usajili wa nje zilinganishwe herufi kwa herufi.

Siku ya kulichukua yadini, nenda na orodha ya vifaa vyote vilivyoonekana pichani, fungua kila kabati, washa kila taa, na andika kilichopungua kabla ya kutia sahihi. Mpeleke pia fundi wa umeme mwenye betri ya akiba, kwa kuwa betri ya upande wa nyumba ikikaa wiki kadhaa melini mara nyingi hufika imekufa, na bila hiyo hutajua kama taa hazina moto au zimeng'olewa.