SOMO: Kushea data za klaudi na shirika lingine bila kuwakabidhi funguo

Wakuu habari za muda huu. Siku hizi ofisi nyingi zinafanya kazi na kampuni za nje za kuchambua data, na njia ni ileile, mtu anatengeneza yuza kwenye AWS (klaudi ya Amazon), anachukua zile funguo za kudumu za kuingilia zinazoanza na AKIA, anazirusha WhatsApp, kazi imeisha. Shida funguo hizo haziekspaya zenyewe, na zikishafowadiwa huna namna ya kujua ziko mikononi mwa nani. Kama ni data za wagonjwa au wakopaji hapo umewaweka watu wa watu rehani.

Tuchukue mfano wa kliniki yenye data zake S3 (stoo ya mafaili ya AWS) na kampuni inayoitengenezea ripoti, kila mmoja ana akaunti yake ya AWS.

Hatua ya 1. Kwenye baketi yako (chombo cha mafaili ndani ya S3) tenga folda, tuseme ripoti-nje/, weka humo kinachohitajika tu. Majina na namba za simu toa kabisa kama ripoti haiyahitaji. Wengi wanaruka hapa wanakimbilia setingi, wakati data ambayo hukuwapa haiwezi kuvuja kupitia kwao.

Hatua ya 2. Tengeneza roli (utambulisho wenye ruhusa zake, anayeuchukua anapewa pasi ya muda tu) kwenye akaunti YAKO, useme inaweza kuchukuliwa na akaunti yao, ile namba ya tarakimu 12. Halafu weka sharti la sts:ExternalId (kitambulisho ambacho mfumo wao lazima ukitaje unapochukua roli), na hapa naomba tuelewane vizuri. Kampuni ile ina wateja wengi, sasa mteja mwingine akiijua anwani ya roli yako akaenda kuijaza kwenye mfumo wao kama ya kwake, mfumo utaingia kwako kwa ruhusa halali kabisa na kumletea yeye data zako. ExternalId ndiyo inaziba hilo tundu, kampuni inampa kila mteja ya kwake isiyofanana na ya mwingine, na yule mteja mwingine hawezi kujichagulia ya kwako.

Hatua ya 3. Ruhusa. s3:GetObject (kusoma faili) kwenye ripoti-nje/* basi. Wakihitaji kuona orodha ya mafaili ongeza s3:ListBucket, ila hii inawekwa kwenye baketi yenyewe bila ile /* ya mwisho, na unaibana kwa s3:prefix iishie folda hiyo tu. Ukiikosea unapata AccessDenied unabaki unajiuliza mchawi nani. Usiweke s3:* eti utapunguza baadaye, hiyo baadaye huwa haifiki.

Hatua ya 4. Block Public Access (kinga inayozuia baketi kufunguliwa kwa umma) iache imewashwa. Baketi mpya tangu Aprili 2023 zinakuja nayo, za zamani kazikague leo.

Hatua ya 5. Washa kumbukumbu za data kwenye CloudTrail (daftari la AWS la nani kafanya nini). Bila kuziwasha, CloudTrail hairekodi nani kasoma faili lipi, na zinalipiwa, kwa hiyo washa kwa baketi hiyo tu.

Na sheria msiisahau, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, zote zinagusa hadi kusafirisha data nje ya nchi. Mkataba usainiwe kabla roli haijatengenezwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nilitumia sera ya baketi (ruhusa zinazoandikwa kwenye baketi yenyewe) moja kwa moja bila roli, kila kitu kiko sawa ila wao wanapata 403, yaani wanakataliwa. Mafaili yamefungwa kwa KMS (huduma ya AWS ya funguo za kusimba mafaili).

Jibu: Angalia ufunguo. Kama ni ule wa aws/s3 hauwezi kushea na akaunti nyingine, sera yake haibadilishwi. Tengeneza ufunguo wako, waruhusu kms:Decrypt, kisha mafaili yafungwe upya kwa huo, na upande wao pia lazima waruhusiane kwenye akaunti yao. Kwa njia ya roli ufunguo na roli vinakuwa nyumba moja, yaani akaunti yako.

Swali: Kwa nini nisiwatumie linki ya muda tu?

Jibu: Kwa faili moja sawa, mwisho siku 7. Ila yeyote mwenye linki anafungua, haiulizi wewe nani. Kwa kazi ya kila wiki hapana.

Swali: Mkataba umeisha, nimewatoa kwenye roli lakini naona bado wanadaunilodi???

Jibu: Tokeni (zile pasi za muda) walizochukua kabla hujawatoa bado zinaishi, kawaida saa 1, ila kama uliongeza muda wa roli zinaweza kufika saa 12. Ingia IAM (sehemu ya AWS ya watumiaji na ruhusa), fungua hiyo roli, kuna sehemu ya kufuta sesheni zilizo hai, inaweka katazo kwa tokeni zote zilizotolewa kabla ya dakika hiyo. Fanya sasa hivi dada, kisha pitia CloudTrail uone wamechukua nini tangu mkataba uishe.

Swali: Wao wako Google Cloud, hawana AWS.

Jibu: Bado hauhitaji AKIA. Roli inaweza kuamini utambulisho wa accounts.google.com, ubane kwa ile akaunti yao moja ya huduma (service account, ya programu si ya mtu), wanaingia kwa AssumeRoleWithWebIdentity, yaani wanachukua roli kwa utambulisho huo wa nje. Ukiacha bila kubana, akaunti nyingine za Google nazo zinaweza kupenya.