Kitu Kikifika Mlangoni: Namna ya Kusajili Vitu Katika Makumbusho ya Mji Mdogo

Makumbusho ya mji mdogo hayapati vitu vyake kwa msafara wa wataalamu. Vinaletwa na watu: mjukuu anayebomoa nyumba ya babu, mwalimu mstaafu mwenye sanduku la picha, fundi aliyekuta mizani ya zamani kwenye duka analolikarabati. Vinakuja ndani ya mfuko saa tano asubuhi, na aliyevileta ana haraka ya kurudi shambani. Nusu saa hiyo ndiyo inayoamua kama kitu kitawafundisha watu wa mji au kitakaa rafuni bila kujulikana ni cha nani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi hii Pangani, Kilwa Kivinje, Mikindani au mji wowote wa aina hiyo, bila maabara na bila fedha za maana. Unahitaji leja ya jalada gumu, penseli, kalamu ya wino usiofutika, simu yenye kamera, na subira.

Hatua ya 1: Kaa na aliyekileta

Mpe kiti, maji ya kunywa, salamu za kutosha. Kisha uliza. Swali la "hiki ni nini?" halikupi mengi, maana mara nyingi jibu unalo. Uliza kilikuwa cha nani, kilikaa chumba gani, nani mwingine alikitumia, kiliachwa kutumika lini na kwa sababu gani.

Chukua pishi la mbao. Kwamba pishi moja ni vibaba vinne, mzee yeyote wa pwani anajua. Lakini bibi aliyelileta, akiulizwa kwa utulivu, anaweza kukwambia jambo lisilo kwenye kitabu chochote:

"Hili lilikuwa la mama, mwanangu. Alipimia mpunga wa kukopesha. Tazama ukingo, si umekatwa?"

"Ulikatwa na nani, bibi?"

"Baba mdogo. Mwaka wa njaa. Ili lijae upesi."

Ukiugusa ukingo utaona kweli: nje mbao imekuwa laini na nyeusi kwa kushikwa, juu kuna alama za msumeno ambazo hazikupigwa msasa. Lijaze mchele, uupime kwa kibaba, na havitatimia vinne. Sasa una pishi la mji wako, lenye habari ya njaa, deni na jamaa ndani yake. Bila mazungumzo yale, mtu angeandika "pishi, mbao, limeharibika ukingoni" na kuendelea na kazi nyingine.

Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama lahaja yake si ya redioni. Jina la kitu liwe lile analoliita yeye, la kamusi likae chini. Ukitaka kumrekodi, omba ruhusa kwanza, halafu taja tarehe, jina lake na lako mwanzoni mwa rekodi. Ukienda Bujora, karibu na Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, utaona faida ya jambo hili. Ngoma na zana za wachezaji zinaeleweka vizuri zaidi kwa anayejua zipi ni za Bagika na zipi za Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, na ujuzi huo haukuchongwa kwenye mti. Ulitoka midomoni mwa watu.

Hatua ya 2: Hakikisha ana haki ya kukitoa

Kitu cha familia kina wenyewe wengi. Uliza kama ndugu wanajua. Kitu cha ibada au cha kaburini kisipokelewe mpaka wazee wa jamii husika wamesema. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao za kuchongwa, viling'olewa mahali vilipochomekwa kwa heshima ya waliofariki, vikauzwa hadi Marekani, na baadhi ya makumbusho ya huko yamelazimika kuvirudisha Kenya. Sisi wa karibu hatuna kisingizio cha kutojua.

Kwa Tanzania kuna pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na inaitaja wazi milango na miimo ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Ukiletewa mlango uliong'olewa nyumbani, usiupokee kimyakimya. Wasiliana na Idara ya Mambo ya Kale kwanza.

Yote yakiwa sawa, jazeni hati ya makabidhiano nakala mbili: nani ametoa, nini, lini, na kwamba ametoa moja kwa moja. Kama anaazimisha tu, andikeni tarehe ya mwisho. Kitu cha kuazima kisicho na tarehe huzua ugomvi mwenyewe akishafariki.

Hatua ya 3: Kitenge kando na vitu vingine

Kitu kigeni kisiingie stoo siku hiyo hiyo. Tenga chumba au hata sanduku la plastiki lenye mfuniko. Cha mbao kiweke juu ya karatasi nyeusi, ukikague kila baada ya siku chache. Ukiona unga mweupe mpya chini yake, bungua, wadudu watoboao mbao, bado wanakula.

Dawa yao isiyo na sumu ni jokofu la kugandishia. Funga kitu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, ziba barabara, kiache wiki 2 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa siku nzima, umande uishie nje na si juu ya kitu. Njia hii inafaa mbao za kawaida, mikeka, vikapu na nguo. Usigandishe ngoma iliyowambwa, pembe za ndovu, kioo, wala mbao yenye rangi.

Wala usipake mafuta ya taa au oili chafu, hata kama kila fundi mtaani atakushauri hivyo. Vinatia doa, vinanuka miaka, na vinafuta alama za matumizi ulizotaka kuzihifadhi. Kwa sababu hiyo hiyo, sinia la shaba lisisuguliwe kwa ndimu na majivu, na mbuzi ya nazi isioshwe. Utando uliokauka kwenye meno yake na mbao iliyochakaa pale mtu alipokalia ni ushahidi. Futa vumbi kwa brashi laini, basi.

Hatua ya 4: Toa namba

Mfumo rahisi ndio unaodumu: mwaka, zamu, kipande. 2025.14.2 ni kipande cha pili katika mzigo wa kumi na nne ulioingia mwaka 2025. Kinu na mchi wake vinagawana namba ya mzigo, kila kimoja na tarakimu yake ya mwisho. Namba ikishatolewa haipewi kitu kingine, hata cha kwanza kikipotea.

Hatua ya 5: Iandike kwenye kitu

Namba iliyo kwenye leja tu haikusaidii rafu zikichanganyika. Lakini usiandike moja kwa moja juu ya kitu, na usitumie selotepu wala stika, maana gundi yake hugeuka njano na kung'oka na ngozi ya juu.

Kwa mbao ngumu, chuma na vyombo vya udongo vilivyochomwa vizuri, paka utando mwembamba wa Paraloid B-72 (plastiki angavu inayotumiwa na wahifadhi wa makumbusho) iliyoyeyushwa kwa asetoni, mahali pasipoonekana. Ukikauka, andika namba kwa wino mweusi, kisha funika kwa utando wa pili. Siku ukitaka kuifuta, asetoni kidogo kwenye pamba inatosha. Rangi ya kucha ni rahisi kupatikana, lakini hupasuka na kubanduka, na namba huondoka nayo. Ukikosa Paraloid, funga kadi kwa uzi wa pamba. Ni bora kuliko rangi ya kucha.

Nguo: andika namba kwenye utepe wa kitambaa cha marekani kilichofuliwa kikatoka wanga, uushone pembeni kwa mishono miwili mitatu, sindano ikipita kati ya nyuzi. Picha: penseli laini ya 2B, nyuma, ukingoni, picha ikiwa imelala juu ya kioo au meza ngumu. Kalamu ya wino hupenya na kutokeza usoni mwa mtu.

Hatua ya 6: Eleza na upige picha

Vipimo, malighafi, hali yake, ufa uko wapi. Picha pande zote, rula na namba vikionekana.

Kanga inastahili muda zaidi. Jina liandike herufi kwa herufi, hata likiwa na kosa la uchapaji. Soma maandishi madogo ya pindoni. Ukiona K.H.E. na "Mali ya Abdulla", imetoka kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza 1887. Ikiwa na alama ya Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, kiwanda kilipoanza kazi Dar es Salaam. Jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa kawaida huashiria kanga ya zamani zaidi. Kisha rudi kwa mwenyewe: nani alimnunulia, aliivaa wapi, na jina lile lilimlenga nani? Wanawake wengi hukumbuka jibu la swali la mwisho kuliko mwaka.

Hatua ya 7: Mahali, na nakala ya leja

Kila rafu iwe na herufi, na leja iseme kitu kipo wapi. Kikihamishwa, hata kwa maonyesho ya siku moja, andika. Nguo na karatasi zikae gizani, na zikioneshwa mwanga usizidi laksi 50. Chumba kipate hewa, kwa kuwa unyevu wa pwani ukivuka asilimia 65 ukungu huanza.

Piga picha kila ukurasa wa leja mwisho wa mwezi na uhifadhi nakala kwenye jengo lingine, halmashauri au shuleni. Mara moja kwa mwaka chagua namba ishirini kutoka leja uzitafute rafuni, halafu vitu ishirini kutoka rafuni uvitafute kwenye leja. Usichokiona, andika kando ya mstari wake "hakikuonekana" pamoja na tarehe. Mstari wenyewe usiukate.