Kabla Hujaenda Nicodemus, Kansas

Soma kwanza, safari baadaye. Kibao cha kumbukumbu kando ya barabara namba 24, Kaunti ya Graham, kina nafasi ya aya chache tu, na asiyejua kilichotokea hapo ataona nyumba kadhaa na nyasi, kisha atawasha gari aondoke. Hiyo ni hasara kubwa.

Kijiji cha Nicodemus kilianzishwa mwaka 1877 na watu weusi, wengi wao wakitoka Kentucky, miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani. Walikuta nyika isiyo na miti. Kwa kukosa mbao, walichimba ardhi wakaishi humo. Willianna Hickman, aliyefika masika ya 1878, alioneshwa moshi ukifuka kutoka ardhini na kuambiwa kwamba pale ndipo Nicodemus, akaangua kilio. Katika baridi ya kwanza, njaa ilipowabana, wawindaji wa Osage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliwagawia chakula. Mashimo hayo huyaoni leo, kwa hiyo lazima uje nayo kichwani.

Jua pia habari ya reli. Mwaka 1888 njia ya kampuni ya reli ya Union Pacific ilipita ng'ambo ya mto, upande wa kusini, ikakiacha kijiji kando, na wafanyabiashara wakaifuata, wakahamia mji jirani wa Bogue. Ukilijua hilo, hutashangaa kwa nini yamebaki majengo matano tu ya kihistoria: makanisa mawili, shule, hoteli ya zamani na ukumbi wa kata.

Wanaotafuta majina ya mababu wasitegemee sensa ya 1890, kwani karibu yote iliharibika kufuatia moto wa 1921. Tafuta ya 1880 na ile ya jimbo ya 1885, halafu hati za ardhi chini ya sheria ya 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano. Andika namba za kiwanja mapema.

Jaza mafuta Stockton au Hill City, beba maji, na hakikisha kituo cha wageni kiko wazi siku hiyo. Mashamba ya jirani yana wenyewe. Omba ruhusa kabla ya kuvuka uzio. Ukiweza, nenda mwishoni mwa Julai, wazao wa walowezi wanaporudi kusherehekea ukombozi, maana wao wanasimulia mengi kuliko kibao chochote. Ila tafuta chumba mapema, kwa sababu kijijini hakuna hoteli ya kulala.